Kubadilisha Maunti za Injini ya Land Rover Series III Nyumbani

Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, hubeba injini na giaboksi kama mwili mmoja juu ya maunti nne za raba: mbili ubavuni mwa injini, kulia na kushoto, na mbili chini ya giaboksi. Moja ikifa, zilizobaki hubeba mzigo usio wao, na kwa sababu hiyo ni busara kununua zote nne kwa pamoja hata kama iliyopasuka waziwazi ni moja.

Maunti iliyochoka hujitambulisha kwa mtetemo mkubwa injini inaponguruma polepole, kwa kishindo unapoachia klachi, na wakati mwingine kwa gari kurukaruka linapoanza kuondoka, kwa kuwa mwendo wa pedali ya mafuta hupelekwa kwenye kabureta kwa vyuma vilivyounganishwa, hivyo injini ikiyumba huivuta yenyewe kabureta. Hata hivyo, silinda isiyochoma sawasawa nayo hutikisa gari, kwa hiyo kagua plagi kwanza. Kisha, injini ikiwa imezimwa, ingiza mtaimbo mfupi kati ya mkono wa injini (kipande cha chuma kinachoikalisha injini juu ya maunti) na chasisi, uinue kidogo huku ukimulika kwa tochi: raba ikiachana na bamba lake la chuma, au ikiwa imevimba na kulainika kama ubani uliotafunwa, imekwisha. Raba iliyolainika hivyo imelowa oili, na usipoziba uvujaji huo kwanza, hasa kwenye gasketi ya kifuniko cha vali, maunti mpya itafuata njia ileile.

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, injini ikiwa baridi. Zuia magurudumu yote kwa vigingi au mawe, usitegemee breki ya mkono peke yake, kwa maana katika gari hili breki hiyo hukamata ngoma iliyo nyuma ya giaboksi na si magurudumu yenyewe. Hakuna haja ya kulinyanyua gari. Land Rover ina nafasi ya kutosha chini yake. Bolti zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni ya siku iliyotangulia. Andaa spana za inchi: nati ya uzi wa inchi 3/8 hutaka spana ya 9/16, ambayo ya milimita 14 haiwezi kuivaa, na ya milimita 15 huila kona mpaka ikawa mviringo.

Ondoa kebo ya betri. Achanisha chuma cha kabureta, legeza mpira wa hewa unaotoka kwenye chujio, na uangalie mpira wa petroli, mipira ya rejeta na waya wa athi unaounganisha injini na chasisi, ili kisiwepo kinachovutwa injini ikipanda. Hatari kubwa zaidi ni feni. Imefungwa kwenye injini, ilhali rejeta na kava yake zimefungwa kwenye bodi, kwa hiyo injini ikipanda sentimita chache tu, mapanga yake hugusa kava. Fungua kava hiyo mapema. Bomba la ekzosi nalo lilegeze kwenye klampu yake ya kwanza.

Weka jeki chini ya sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, juu yake ubao mpana wa mti mgumu, mninga au mvule, kwa sababu sampo ni bati na jeki ikiikandamiza sehemu moja huibonyeza. Pandisha hadi uzito utoke kwenye raba, usizidishe. Usiingize vidole kati ya mkono wa injini na chasisi wakati wowote, hata kama jeki inaonekana imara.

Fanya upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Ukifungua pande zote kwa mpigo injini huhama na matundu hayalingani tena. Toa nati za juu na chini, chomoa maunti ya zamani, uilinganishe na mpya kwa kimo na kwa urefu wa stadi, yaani bolti zake zisizo na kichwa. Mpya inayokuja na nati zake ifungwe kwa nati hizo, usilazimishe za zamani kwenye uzi usiolingana nazo. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka rangi pale chuma kilipobaki wazi, kisha funga kwa vidole tu. Za giaboksi hubadilishwa kwa utaratibu huohuo, jeki na ubao vikiwa chini ya giaboksi.

Zikishakaa zote nne, shusha jeki taratibu, utikise injini kwa mikono ili raba zijipange bila kujisokota, na hapo ndipo ukaze nati zote kwa washa mpya za springi. Anayekaza injini ikiwa bado inaning'inia hufunga raba ikiwa imepinda, nayo hupasuka mapema. Rudisha kava, zungusha feni kwa mkono kuhakikisha haigusi popote, kaza klampu ya ekzosi, unganisha na urekebishe chuma cha kabureta, kisha urudishe kebo ya betri. Baada ya wiki ya kuendesha, kaza nati tena, kwa kuwa raba mpya hushuka kidogo inapozoea uzito.