Dereva Aliyepita Miaka 60 na Pombe: Namna ya Kupanga Safari ya Matanga au Harusi

Bia mbili za alasiri pale Chavakali hazimfanyii mzee wa miaka 65 kile zilichomfanyia akiwa na miaka 30. Chupa ni ile ile, mwili ndio uliobadilika. Umri ukisonga misuli hupungua, mafuta huongezeka, na maji ya mwilini hupungua. Pombe huenea kwenye maji, si kwenye mafuta, kwa hiyo kiasi kile kile kikiingia kwenye maji machache hufanya damu iwe na pombe nyingi zaidi. Kwa akina mama jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa maji yao ya mwilini ni machache tangu ujanani. Ubongo wa mtu mzima nao hulemewa na pombe kidogo kuliko zamani.

Hatari kubwa ni kwamba mzee hajihisi amelewa. Haropoki wala hapepesuki. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida nchini Marekani waliwapa pombe kidogo watu wa miaka 25 hadi 35 na wengine wa miaka 55 hadi 70, kisha wakawapima kwenye mashine inayoigiza barabara. Vijana waliendelea kuendesha vile vile. Wazee waliharibikiwa, ingawa pombe iliyokuwa mwilini mwao ilikuwa chini ya kiwango cha sheria cha huko, yaani miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Kenya tuko karibu na kiwango hicho hicho: alcoblow, kipimo cha pumzi cha polisi, humkamata mtu akipita mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi. Mzee anayeruhusiwa kupita kizuizi cha polisi pale Salgaa, basi, hajathibitishiwa kwamba anafaa kushika usukani. Ameonyeshwa tu kwamba havunji sheria.

Anza na dawa

Siku mbili au tatu kabla ya sherehe, weka dawa zote mezani, pamoja na zile za kununua bila cheti, uzipeleke kwa mfamasia umuulize kuhusu pombe na kuendesha gari. Hizi ndizo huleta shida mara nyingi:

- Diazepam, amitriptyline (wengi hupewa kwa maumivu ya neva), tramadol, dawa za kifafa, na Piriton ya mafua. Zote huleta usingizi, na bia moja huuzidisha.
- Dawa za presha kama nifedipine na amlodipine, na tamsulosin ya tezi dume. Zikikutana na pombe, presha huweza kushuka ghafla. Mzee anasimama kutoka kwenye kiti cha hemani, anaona giza.
- Insulini na glibenclamide za kisukari. Hapa kaa macho kabisa. Pombe huzuia ini kutoa sukari yake ya akiba, hivyo sukari ya damu huweza kushuka saa nyingi baadaye, hata asubuhi inayofuata. Jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa huonekana kama ulevi, na watu humwacha alale badala ya kumpa kitu chenye sukari na kumkimbiza hospitalini.

Usiache dawa ili upate kunywa. Kinachoachwa ni pombe.

Hesabu gramu, usihesabu chupa

Chukua mililita zilizoandikwa kwenye chupa, zidisha kwa asilimia ya pombe, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 250 kwa asilimia 40, ina gramu 80: sawa na bia nne, ingawa inaingia mfuko wa koti.

Mwili huondoa takriban gramu 7 kwa saa. Mzee asijipe zaidi ya hapo. Bia mbili zinahitaji karibu saa sita, nasi tunashauri uzihesabu kuanzia tone la mwisho. Aliyemaliza ile chupa ndogo saa tano usiku bado ana pombe mwilini hadi saa nne na nusu asubuhi, na ibada ya saa tatu itamkuta barabarani. Kahawa, maji baridi, supu ya mbuzi, hakuna kinachoharakisha ini. Kula kabla ya kunywa huchelewesha tu pombe kuingia kwenye damu.

Busaa ya chungu kimoja na mirija kumi haihesabiki. Chang'aa isiyo na lebo pia haihesabiki. Ukivinywa, gari likae siku hiyo na asubuhi inayofuata.

Ijue barabara ya kurudia

Baada ya miaka 60 mboni hupitisha mwanga kidogo, na jicho huchelewa kupona likipigwa na taa za gari linalokuja. Pombe huongeza kuchelewa huko. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hupita mita 22 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde kukanyaga breki, umeshakula mita 11. Mita hizo ndizo zinazomtenga mtu na bodaboda isiyo na taa pale Kiboswa, trela la miwa lililoharibika bila alama ya kung'aa, au lori linaloteremka Sachangwan huku nyuma yake foleni imesimama. Kama taa za mbele zinakuumiza hata ukiwa hujanywa, pimwa mtoto wa jicho. Vihiga kuna Hospitali ya Macho ya Sabatia. Kabla ya kupimwa, usiendeshe usiku.

Kwa watoto na wakwe

Funguo huombwa asubuhi, si jioni. Mzee akishakunywa mbele ya wakwe, kumnyang'anya ni kumwaibisha, naye atakataa hata akijua unasema kweli. Mwambie mapema: "Baba, leo naomba nikuendeshe, wewe ukae na wazee wenzako." Thibitisha kwamba bima ya gari inamruhusu dereva mwingine, na kwamba dereva huyo hatakunywa hata kidogo.

Ukiwa abiria naye ameshaondoka, angalia haya: anashika katikati ya barabara, anawasha indiketa akiwa ameshakata kona, anapitiliza kona anayoijua miaka yote, anapunguza mwendo bila sababu. Mwendo wa pole usikupe moyo. Mara nyingi ni dalili kwamba ameanza kulemewa. Usigombane naye gari likitembea. Sema unahitaji kujisaidia, asimame kwenye kituo cha mafuta penye mwanga, kisha ubadilishane kiti naye.

Kama hakuna wa kuendesha, gari libaki uani kwa mwenye boma, funguo zikae kwake, mzee apate maji, chakula na mahali pa kulala karibu na choo, kwa sababu pombe itamwamsha usiku na sakafu asiyoizoea humwangusha. Mwenye kisukari apimwe sukari kabla ya kulala na tena alfajiri.