Somo: Kuijenga Upya Injini ya Honda CB750 Nyumbani

Injini ya Honda CB750, pikipiki iliyoingia sokoni mwaka 1969, ina silinda nne zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sm³ 736. Kuifungua si kazi ngumu. Ugumu ni kurudisha kila kipande mahali pake.

Kwanza, mwaga oili ya injini pamoja na ile iliyo katika tangi lake la pembeni, kisha toa injini nzima kwenye fremu, kwa maana hedi (kifuniko cha juu ya silinda) ya modeli hii haitoki injini ikiwa imefungwa humo. Legeza nati za hedi kidogo kidogo kwa kupishanisha, ili hedi isipinde. Valvu (vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi) na pistoni zitie namba, ukihesabu silinda kutoka kushoto kwa dereva.

Pili, pima kabla ya kununua chochote. Mimi niliwahi kununua ringi (pete za pistoni) za saizi ya kiwandani, kumbe bloku, yaani chuma chenye silinda, ilikwisha kuchongwa ikapanuliwa na fundi aliyenitangulia. Kipenyo cha awali cha silinda ni mm 61. Pima juu, katikati na chini, kwa pande mbili, kwani silinda huliwa zaidi karibu na juu. Moja ikizidi kikomo cha kuliwa, zote nne huchongwa kwa saizi moja.

Tatu, kurudisha bloku, ambako wengi huvunja ringi. Ziba mdomo wa krankikesi (sanduku la krankshafti) kwa kitambaa safi, tawanya mianya ya ringi isikae mstari mmoja, zipake oili, kisha zungusha krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) hadi pistoni ya 2 na ya 3 ziwe juu. Zikalishe juu ya vipande viwili vya mbao, shusha bloku mpaka ringi zao zimezwe, ndipo uingize ya 1 na ya 4.

Mwisho, hedi ikisharudi, panga alama za kamshafti (shafti inayofungua valvu) na uzungushe injini kwa spana mizunguko miwili; ikigoma, usilazimishe. Mwanya kati ya valvu na kipande kinachoisukuma, injini ikiwa baridi, ni mm 0.05 kwa za kuingiza na mm 0.08 kwa za kutoa moshi.

Swali: Je, gasketi ya hedi ya zamani inafaa?
Jibu: Haifai, kwa sababu imekwisha kubanwa.

Swali: Pistoni zimeganda. Nitumie nyundo?
Jibu: Hapana. Mimina mafuta ya kulegeza kutu kwenye matundu ya plagi, na usubiri siku kadhaa.

Swali: Nikimaliza, niwashe mara moja?
Jibu: Jaza oili, toa plagi, kisha zungusha injini kwa stata mpaka taa ya oili izimike, ndipo urudishe plagi na kuwasha.