Kununua nyumba Dar es Salaam: hakikisha haya kabla hujatoa pesa

Kabla ya kuzungumza bei, uliza nyumba ina karatasi gani. Tabata, Mbezi au Kigamboni utakuta hatimiliki, inayotolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Leseni ya makazi, ya muda mfupi. Au karatasi ya mauziano tu yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Hiyo ya mwisho inathibitisha kwamba watu walikubaliana, haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri kwa kuwa anaijua migogoro ya majirani, ila sajili ya ardhi haiko ofisini kwake.

Kama kuna hati, chukua namba ya hati, ya kiwanja na ya kitalu, kisha omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Utaona mmiliki aliyesajiliwa, rehani na zuio (pingamizi lililowekwa na mtu mwingine) kama vipo. Nenda mwenyewe au mtume wakili wako. Majibu yanayoletwa na dalali usiyapokee. Muuzaji mwenye fotokopi tu aulizwe hati halisi iko wapi, maana huenda iko benki kama dhamana ya mkopo. Leseni ya makazi ihakikiwe manispaa iliyoitoa.

Mlete mpima aliyesajiliwa atafute bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) na kuzilinganisha na ramani ya upimaji. Auangalie pia umbali kutoka mtoni (sheria ya mazingira inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60) na hifadhi ya barabara. Bomoabomoa ya mwaka 2017 kutoka Kimara kuelekea Kiluvya ilizikumba nyumba ambazo watu walikuwa wakiishi.

Suala la ridhaa lichukue muda wako zaidi, kwa sababu hapo ndipo mauzo mengi hupingwa mahakamani. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina la mmoja. Ridhaa iandikwe na isainiwe mbele ya wakili. Anayesema hana mke au mume aape kiapo, nawe uulize majirani. Nyumba ya urithi inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama; kama ni mahakama ya mwanzo, mdai Fomu Na. IV, yaani barua ya mahakama ya kumteua. Muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi kabisa, kwani ukoo unapendekeza jina tu. Warithi nao wasaini, hasa wanaoishi humo.

Mkataba uandaliwe na wakili wako, si wa muuzaji. Lipa kupitia benki, kwa awamu, na ubaki na salio la maana hadi fomu za uhamisho zisainiwe: Na. 29, 30 na 35. Andikeni bei halisi. Wanaopunguza bei ili kukwepa kodi hujikuta wakidai fedha ndogo mauzo yakibatilishwa, na serikali yenyewe inahitaji ripoti ya mthamini.

Muuzaji ambaye ni mkazi wa Tanzania hutozwa kodi ya asilimia 10 ya faida, hivyo atunze risiti za ununuzi na ujenzi zipunguze kiasi hicho. Kuna pia ushuru wa stempu na ada za usajili. Mkataba utaje nani analipa kipi, na nani anafuta deni la pango la ardhi (kodi ya ardhi inayolipwa serikalini kila mwaka), maana likibaki uhamisho utakwama.