Watoto na mama zao katika nyumba salama: namna ya kuwalea tangu usiku wa kwanza

Nimelea katika nyumba salama, yaani makazi ya siri ya wanawake na watoto waliokimbia ukatili nyumbani, huku Kanda ya Ziwa, Tanzania, kwa miaka kadhaa. Haya namwandikia dada anayeanza zamu yake ya kwanza, hasa yule anayependa sana watoto, kwa sababu huyo ndiye mwepesi wa kukosea. Atambeba mtoto, atamlisha, atambembeleza, na baada ya wiki mbili mama mtu anabaki amekaa kwenye benchi kama mgeni wa watoto wake mwenyewe. Mume alishamwambia miaka mingi kwamba hawezi kulea. Tusije tukamalizia kazi hiyo.

Hatua ya 1: Usiku wa kwanza, usihoji

Wengi hufika usiku, wameletwa na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto au afisa ustawi wa jamii. Mtoto mmoja mgongoni, mwingine kashika pindo la khanga, peku. Toa maji ya moto, uji, kitanda. Walale chumba kimoja hata kama watabanana.

Maswali yasiyongoja asubuhi ni mawili tu: nani kaumia, na je, kuna aliyebakwa au kuchezewa? Kama yupo, ni hospitali usiku huohuo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na zikiwahi zaidi ndiyo vizuri zaidi. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye nailoni zinavunda na ushahidi unaharibika. Hakikisha PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, imetoka polisi, daktari ameijaza, na mama anajua ilipo.

Kisha muulize anapenda aitweje. Usimwite Mama Juma kwa mazoea; nimekutana na mama ambaye akiitwa hivyo alikuwa anashtuka, maana ndivyo alivyoitwa kabla ya kipigo.

Hatua ya 2: Simu

Asubuhi kaa na mama mzime kwenye simu huduma ya kuonyesha mahali alipo. Msisahau ya mtoto mkubwa. Kijana wa miaka 13 akimpigia baba, si msaliti, kamkumbuka tu. Mweleze kwa nini nyumba hii haitajwi, na picha za kuweka stetasi zisubiri.

Hatua ya 3: Mtazame mtoto kabla ya kumsemesha

Kila mtoto ana faili lake, si mstari mmoja ndani ya faili la mama. Andika unachokiona: anakojoa kitandani wakati alikwisha acha, anaficha mkate chini ya godoro, anacheka watu wakipaza sauti, au ana miaka tisa na ndiye anayemwogesha mdogo wake bila kuambiwa. Undani wa tukio usimchimbe. Hiyo ni kazi ya afisa ustawi na askari wa dawati, na mtoto akisimulia mara tano kwa watu watano anaumia mara tano. Akianza mwenyewe, msikilize, mwambie "umefanya vizuri kuniambia", andika kwa maneno yake.

Tulikuwa na mvulana wa miaka minane ambaye kila usiku alikokota ndoo iliyojaa maji mpaka nyuma ya mlango, ndipo alale. Nikaiondoa, kwa kuogopa mtu atajikwaa. Hakulala siku mbili. Mwenzangu mwenye akili kuliko mimi akamwambia mama: kabla ya kulala, shikaneni mikono mkakague komeo pamoja, mtoto alisukume mwenyewe, wewe useme "limefungwa, mimi niko upande wa mlango". Ndoo ikaendelea kuwepo kama siku kumi, kisha ikabaki bafuni. Mimi ningemfanyia yote hayo na nisingepata kitu. Alihitaji kuyasikia kwa mama yake.

Hatua ya 4: Mrudishie mama sufuria na neno lake

Mtoto akija ofisini na "mama kaninyima biskuti", jibu ni moja: "Twende kwa mama." Usimpe hata kama unazo mezani. Watoto wadogo wapikiwe na mama zao, wachanwe nywele na mama zao. Mtoto akuite shangazi au bibi. Akianza kukuita mama, usifurahi.

Fimbo hairuhusiwi kwetu. Mama mwingine hupiga kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na uchovu umemjaa. Usimkemee mbele ya mtoto. Mchukue mtoto mkakae nje dakika kumi, mama apumue, mzungumze baadaye.

Hatua ya 5: Habari za baba

Msimdanganye mtoto kwamba baba kasafiri, wala msimtukane baba. Sentensi inayotusaidia: "Baba alimpiga mama, na kupiga ni kosa. Si wewe uliyesababisha. Unaruhusiwa kumpenda."

Hatua ya 6: Shule

Anza uhamisho mapema kupitia afisa ustawi, na mwombe mwalimu mkuu asimpe mtu yeyote jina la shule mpya. Mwalimu wa darasa hahitaji kujua kisa. Anahitaji kujua nani tu anaruhusiwa kumchukua mtoto getini.

Hatua ya 7: "Atanichukulia watoto"

Hofu hii ndiyo huwarudisha wengi. Mwambie wazi: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mtu haki ya kumchapa mwenzi wake. Na sheria hiyohiyo inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama, isipokuwa mahakama ikiridhika vinginevyo. Akiitwa baraza la usuluhishi la kata, asiende peke yake. Nimeona wazee wakimpa pole na nauli ya kurudi kwa mume.

Hatua ya 8: Kutoka

Hapa ndipo hatari hupanda tena, kwa hiyo chumba kipya kisiwe mtaa ambao shemeji anapita. Wiki moja kabla, mama awapeleke watoto wakakione, wajaribu komeo, wachague pa kulala. Kubalianeni saa na namba ya kupigiwa. Usipige nje ya hapo. Na godoro walilolalia waondoke nalo. Mtoto aliyeacha kukojoa huweza kuanza tena akibadilishiwa kitanda, na godoro jingine tutatafuta.