Namna ya Kusimamisha Demokrasia Baada ya Dikteta Kung'olewa na Jeshi la Kigeni

Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, Idi Amin alikuwa ameitawala Uganda kwa miaka minane, na wanajeshi wa Tanzania waliokuja kujibu uvamizi wa Kagera wa Oktoba 1978 wakajikuta wakilinda mji mkuu wa nchi isiyo yao. Anayekabidhiwa kazi ya kusimamisha demokrasia katika hali kama hiyo aisome kwanza miezi 20 iliyofuata, kwani humo yamo makosa mengi anayopaswa kuyakwepa.

Aanze kwa kuandika nani ana mamlaka ya kumwondoa nani. Mkutano wa Moshi wa Machi 1979 uliwakusanya Waganda waliokuwa uhamishoni, ukaunda UNLF, umoja wa makundi yaliyompinga Amin, pamoja na baraza lake la mashauriano, na Yusuf Lule akawa rais. Lakini mpaka kati ya rais na baraza haukueleweka kwa namna moja na pande zote mbili. Lule alipoteua mawaziri bila kuliuliza baraza, baraza likamwondoa tarehe 20 Juni, akiwa ametawala kwa siku 68 tu. Mkataba wa mpito hauhitaji kurasa nyingi, ila utaje nani anateua, nani anaidhinisha, nani anaamua wakigombana, na ni lini serikali ya mpito inafikia kikomo.

Jambo la pili ni jeshi, nalo ndilo gumu kuliko yote. Jeshi jipya la Uganda lilitokana na makundi yenye wakubwa tofauti: Kikosi Maalum kilimtii Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971, na FRONASA ilimtii Yoweri Museveni. Rais aliyemrithi Lule, Godfrey Binaisa, alipojaribu kumwondoa Oyite-Ojok, mtu wa Obote, katika cheo cha mnadhimu mkuu wa jeshi, Mei 1980, akaondolewa yeye na Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, huku majeshi ya Tanzania, yaliyokuwa bado nchini, yakikaa kando. Sisi Watanzania hupenda kusimulia vita na kuuruka ukurasa huu. Wapiganaji wachanganywe katika vikosi vipya kabla kampeni hazijaanza, na mshahara utoke Hazina umfikie askari mwenyewe bila kupitia mkononi mwa kamanda wake, kazi inayowezekana zaidi wakati jeshi la kigeni lingali lipo kuisimamia. Kuvunja jeshi la zamani kwa amri moja nako ni hatari, kama ilivyoonekana Iraki baada ya amri ya Mei 2003, iliyowaacha mamia ya maelfu ya watu waliofunzwa vita bila kazi.

Ndipo uje uchaguzi. Waganda walipiga kura tarehe 10 na 11 Desemba 1980, na kura zikiwa hazijamalizika kuhesabiwa, Muwanga alitangaza kwamba hakuna matokeo yatakayotolewa bila idhini yake, na atakayekiuka atakabiliwa na faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miaka mitano. UPC, chama cha Obote, kikatangazwa mshindi. Kinga dhidi ya hila kama hiyo ni karatasi: kura zihesabiwe pale pale kituoni mbele ya mawakala wa vyama, mawakala watie saini, kila mmoja aondoke na nakala, na nakala nyingine ibandikwe mlangoni. Kenya wanayo Fomu 34A, ya matokeo ya urais ya kila kituo, na mwaka 2022 tume yao iliweka picha za fomu hizo mtandaoni, kiasi kwamba yeyote mwenye subira aliweza kujumlisha mwenyewe.

Anayelalamika naye apewe mahakama anayoiamini, yenye siku maalumu za kutoa hukumu. Akiikosa, huenda akashika bunduki: Museveni, ambaye chama chake cha UPM kilipata kiti kimoja, alishambulia kambi ya jeshi ya Kabamba tarehe 6 Februari 1981, akaanza vita vya msituni.

Katiba isiharakishwe. Uganda ilichagua Bunge la Katiba mwaka 1994 na kupata katiba mwaka 1995, yenye ukomo wa vipindi viwili vya urais, ambao wabunge waliuondoa mwaka 2005. Kwa hiyo kifungu cha ukomo kiwekwe miongoni mwa vile visivyobadilishwa bila kura ya maoni ya wananchi wote.