Jinsi ya kujua ndege kubwa ni aina gani ukiwa chini tu

Watu wengi hapa Mombasa wakiona ndege kubwa inashuka wanasema tu "hiyo jambo jeti", na kumbe zile Boeing 747 za injini nne siku hizi ni adimu, nyingi za safari ndefu zina injini mbili peke yake ndio manake zinachanganya.

Kwanza jua ndege itokeapo. Ndege hutua ikikabili upepo, na ranwei ya uwanja wa ndege wa Moi imelala kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, kwa hivyo wakati wa kaskazi mara nyingi zaingia kwa upande wa mkondo wa Port Reitz, kusi ikishika zaingia kwa upande wa Mikindani. Usisogelee ua wa uwanja, darubini ndogo yatosha kabisa.

Ikishashusha miguu hesabu tairi. Mguu mmoja wa nyuma ukiwa na tairi 6 basi hiyo ni Boeing 777 (Airbus A350-1000 nayo ina 6, usikimbilie kuapa). Zikiwa 4 yaweza kuwa Boeing 787, Airbus A330 au A350-900, hapo sasa angalia ncha ya bawa. A330 za zamani zina kipande kimesimama pale mwisho, A350 ncha yake yapinda juu taratibu kama jambia na vioo vya rubani vimezungushiwa rangi nyeusi kama wanja.

787 Dreamliner ndio niipendayo mimi. Angalia nyuma ya injini, pamechongwa meno kama msumeno, na si urembo, yale meno yachanganya hewa inayotoka kwa kasi na ile ya nje polepole ndio kelele ikapungua. 737 MAX nayo ina meno lakini ni ndogo na tairi zake ni mbili mbili. Halafu bawa la 787 ikiwa angani lajikunja juu kama upinde, sababu ni nyuzi za kaboni, karibu nusu ya uzito wa ndege nzima ni malighafi kama hiyo badala ya alumini. Na kwa vile bodi haichoki haraka kama ya alumini, ndani wanaweka hewa kama ya mahali palipo mita 1,800 hivi juu ya bahari, wakati ndege nyingi za zamani hufika 2,400, kwa hivyo abiria hachoki sana. Dirisha halina pazia, wabonyeza kitufe kioo chenyewe kinaingia giza. Kenya Airways wanazo tangu 2014, na ndizo walizoanzia Nairobi hadi New York bila kutua Oktoba 2018.

Ikikupita kabla hujahesabu tairi, tazama mwisho kabisa wa mkia: wa 777 ni bapa kama patasi iliyosimamishwa, wa 787 umechongoka.