Somo: kutunga wimbo wa ibada unaoimbika

Ndugu wa korali za Bukavu, swali la jinsi ya kutunga wimbo wa ibada unaoimbika linarudi kila mara, basi naliandika hapa lote.

1. Chagua andiko moja. Moja tu.

2. Hesabu mizani, yaani silabi. "Mwa-na" ni mbili. "M-tu" pia ni mbili, maana ile m inasimama peke yake.

3. Mkazo. Hapa someni polepole. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: woKOvu, BWAna. Tenzi nyingi za Kiingereza, kama "Amazing Grace" wa John Newton uliochapishwa 1779, zina mizani 8.6.8.6 (mstari wa mizani nane, kisha wa sita, mara mbili) na kila mstari huishia kwenye pigo zito, yaani lile la nguvu. Imba "Mungu wangu ni mwokozi" juu ya melodi hiyo: utasikia "muNGU waNGU". Mizani nane zimetimia, lakini neno limevunjika mbele ya kanisa. Kwa hiyo neno la silabi mbili lianze kwenye pigo zito, la silabi tatu kwenye pigo jepesi: "Wewe ni wokovu wangu". Msitegemee kuhesabu kwa vidole. Pigeni makofi mkisema maneno, kabla ya kuimba.

4. Refren, yaani kiitikio, iwe fupi. Zaburi 136 ina mistari 26, yote inaitikiwa kwa maneno yaleyale. Hata mgeni anaitikia.

5. Vina vije baada ya hayo yote. Kina kisichobeba maana, kifute.

MASWALI (kila korali kwa jina la mtaa wake)

Kadutu: Yaya, mizani ni nini?
— Hatua ya 2.

Panzi: Melodi inaishia na noti moja ndefu, neno langu ni "Bwana". Nifanye nini?
— Umesikiliza vizuri. Gawa noti hiyo: "Bwa" ikae kwenye pigo zito, "na" ichukue sehemu ya mwisho. Iandike kwenye solfa (do, re, mi), la sivyo soprano na besi watagawa tofauti.

Ibanda: Nitungie ubeti wa Jumapili, niko na haraka.
— Hapana. Leta mistari miwili yako, nitaisahihisha.

Panzi: Na herufi za mwanzo wa beti zikisomeka YESU?
— Fanya! Ni ufundi wa kale: Zaburi 119 kwa Kiebrania ina mafungu 22 kwa herufi 22, na mistari 8 ya kila fungu inaanza na herufi moja. Kwa E tumia "Ee Bwana", lakini kumbuka "Ee" ni mizani mbili.